Ungo, Pipa na Roketi

Miongoni mwa vyombo vya kuruka ambavyo binadamu amepata kuviwaza, kipo kimoja ambacho hakikuchorwa na mhandisi yeyote, nacho ni ungo. Ni ungo ule ule wa kupepetea ulezi na mahindi, uliosukwa kwa vibanzi vya mianzi au matete, unaotundikwa ukutani baada ya kazi. Katika mazungumzo ya Watanzania chombo hiki kina kituo chake kikuu, na kituo hicho ni Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, juu ya nyanda za Ufipa. Msimulizi akisha kuutaja mji huo, wasikilizaji huanza kucheka kabla ya hadithi kuanza, maana wanajua yatakayofuata: ungo utapewa rubani, utapewa abiria wenye tiketi na wasio na tiketi, utaishiwa mafuta usiku wa manane, na utaanguka juu ya paa la mtu mwenye heshima zake.

Asiyezoea mzaha huu hudhani kwamba ni habari za uchawi. Sivyo. Uchawi, kwa wanaouamini, hauna tiketi wala foleni. Yanayochekwa hapa ni mambo ya kiwanja cha ndege: zamu, mizigo, rubani mwenye majivuno, safari iliyoahirishwa bila sababu kutolewa. Ungo umevishwa sare ya eropleni, na eropleni imeshushwa hadi jikoni. Kwa hiyo mzaha wa Sumbawanga una ndugu zake mbali sana na Ufipa, katika aina ya sinema iliyopendwa kwa zaidi ya miaka mia moja na ambayo bado haijawachosha watazamaji, yaani sinema za kuchekesha zinazoiga kwa dhihaka hadithi za kubuni za sayansi. Mitambo inayochekwa katika sinema hizo huchakaa upesi, lakini kicheko chenyewe hakichakai. Sababu yake yafaa kutafutwa katika historia, na Ufipa si mahali pabaya pa kuitafutia.

Sinema ya kwanza mashuhuri ya safari ya mwezini, Le Voyage dans la Lune, ilitengenezwa na Mfaransa Georges Méliès mwaka 1902. Aghalabu hutajwa kuwa ndiyo mzazi wa sinema zote za sayansi ya kubuni. Walakini anayeitazama kwa makini huona kwamba mzazi huyo alikuwa mcheshi. Jules Verne alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1865 juu ya mzinga wa kuwarushia watu mwezini, na H. G. Wells alikuwa ametoa mwaka 1901 kitabu chake cha watu wa kwanza kufika huko. Méliès, ambaye kabla ya kushika kamera alikuwa mfanya mazingaombwe, aliwachukua waandishi hao wakubwa wawili akawafanyia utani. Wanafalaki wake wamevaa majoho yenye nyota na kofia ndefu zilizochongoka, mavazi yale yale ya wachawi katika hadithi za Ulaya, nao wanabishana hata kurushiana makaratasi. Risasi waliyojifungia ndani yake inauchoma mwezi jichoni. Wenyeji wa mwezini wanapowashambulia, silaha ya wasomi hao ni mwavuli: mwenyeji akipigwa mwavuli hupasuka akawa moshi. Na ufundi wa kurudi duniani ni kuiangusha risasi kutoka ukingoni mwa mwezi, iporomoke yenyewe mpaka baharini.

Mambo mawili ya sinema hiyo yakumbukwe. La kwanza ni joho: mtu wa sayansi na mtu wa uchawi walivalishwa vazi moja tangu siku ya kwanza, na hapana mtazamaji aliyelalamika. La pili ni mwavuli. Katika safari iliyohitaji mzinga, hesabu na mabaraza ya wataalamu, kilichofanya kazi ni kitu kinachosimama nyuma ya mlango wa kila nyumba. Waliomfuata Méliès hawakuiacha kanuni hiyo. Katika Sleeper ya Woody Allen, ya mwaka 1973, maendeleo ya miaka mia mbili ijayo yanaonekana kwa ndizi kubwa kuliko mtu, na ganda lake linateleza kama maganda yote. Katika Dark Star ya John Carpenter, ya mwaka 1974, kiumbe wa kutisha kutoka anga za mbali ni mpira wa kuchezea pwani uliotiwa miguu. Katika Spaceballs ya Mel Brooks, ya mwaka 1987, shujaa husafiri baina ya sayari kwa gari la matembezi, lile lenye kitanda na jiko ndani, lililopachikwa mabawa. Mwavuli, ndizi, mpira, gari lenye jiko: hivi vyote ni ukoo wa ungo. Kicheko hutoka pale kifaa cha nyumbani kinapopewa kazi ya mtambo, na mtambo unapoonekana kuwa nao ni kifaa tu ambacho mtu fulani alikipa majina makubwa.

Tena ni kosa kudhani kwamba mzaha huja nyuma ya hadithi nzito kama mkia. Dan O'Bannon, aliyeiandika Dark Star pamoja na Carpenter, alilichukua wazo lile lile la kiumbe anayewahangaisha watu ndani ya chombo cha angani, akaliondolea kicheko, ikatoka Alien ya mwaka 1979 ambayo iliwatia watu hofu duniani kote. Mpira wa pwani ndio uliotangulia.

Kwa kipimo hiki Ufipa ni mahali pa ajabu, maana hapo, kwa muda mrefu, udongo wa nyumbani ulipewa kazi ya mtambo, nao ukaifanya barabara.

Nyanda za Ufipa zimeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Ni nchi ya nyasi, upepo na baridi, nchi ya wakulima hodari wa ulezi. Mapokeo ya Wafipa husema kwamba utawala wa zamani kuliko wote ulikuwa Milansi, na watawala wake walihusishwa na kazi ya chuma. Kisha wakaja wageni, wanawake watatu, wakamkuta mtawala hayupo, wakakikalia kiti. Kutoka kwa wageni hao ulianza ukoo wa Watwa ambao baadaye uligawanyika katika falme za Nkansi na Lyangalile. Milansi haikufutwa, ilibaki na heshima ya mambo ya jadi na ya dawa. Hapa tayari mamlaka yamekwisha kugawanywa, mmoja ana kiti, mwingine ana siri, na mgawanyo huo utakuwa na maana mbele.

Tanuri la Wafipa la kuyeyushia mawe ya chuma liliitwa ilungu, na mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo, likasimama kwa kimo kilichokaribia mita tatu, kumpita mtu mrefu kwa mbali. Chini yake yalizungushwa matundu mengi, na katika matundu hayo ikatiwa mirija ya udongo uliochomwa. Mafundi walipanga ndani mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakawasha moto, wakauacha. Hapakuwa na mivukuto. Hewa ya moto ilipopanda juu kama katika bomba la moshi, hewa ya nje ilivutwa yenyewe kupitia mirija ya chini, na moto ukakua kwa nguvu za hewa tupu kwa siku kadhaa. Donge la chuma lililopatikana lilipelekwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, likasafishwa, ndipo likaenda kwa mhunzi likawa jembe au shoka. Kulitengeneza tanuri linalovuta pumzi yake mwenyewe ni kazi ya hesabu: kimo kikipungua halivuti, matundu yakizidi joto linapotea. Mafundi hawakuiandika hesabu hiyo. Waliijua kwa macho na mikono.

Lakini walijua na jambo jingine, au waliamini kwamba wanalijua. Ndani ya ilungu ziliwekwa dawa. Fundi alipaswa kujitenga na mkewe wakati wa kazi, na tanuri lenyewe lilitendewa kama bibi arusi anayengojewa kuzaa. Waingereza walioyaandika mambo hayo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958, walieleza ujenzi na pia dawa, wakaona kwamba kwa mafundi wenyewe hayo hayakuwa mambo mawili. Atakayemwuliza fundi wa Ufipa, "Chuma kimeyeyuka kwa hewa au kwa dawa?" atakuwa ameuliza swali lililotungwa mahali pengine. Joho lilikuwa moja, kama lile la wanafalaki wa Méliès, isipokuwa hapa halikuvaliwa kwa kuchekesha.

Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yaliiua kazi ya malungu katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Hapakuwa na vita wala amri kubwa. Jembe la dukani lilikuwa rahisi, basi. Mafundi walizeeka, vijana wakaenda kutafuta kazi za mshahara, na matanuri yakaachwa kusimama katika mbuga kama vichuguu visivyo na mchwa. Yamkini hapo ndipo sifa ya Sumbawanga ilipoanza kupinda. Elimu ya fundi ilikuwa na nusu mbili: nusu ya hewa, udongo na moto, na nusu ya dawa. Nusu ya kwanza ilipokosa kazi ikasahauliwa. Nusu ya pili, isiyohitaji tanuri wala mteja wa majembe, ikabaki na kuvuma. Nchi iliyokuwa na wahandisi ikajulikana kwa waganga. Umbali nao ulisaidia: Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 tu, na barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa ya vumbi na matope mpaka miaka ya 2010. Mahali pasipofikika hupewa na wasiofika kila kitu wasichotaka kuwa nacho kwao.

Kinyume chake ni kwamba Wafipa wenyewe walikuwa katika vita vya kuuondoa uchawi kwa muda wote huo. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Ni mji adimu ulioandikiwa shutuma yake mlangoni, kwa kuikanusha. Katika miaka ya 1930 ilienea kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini harakati ya mchape, ya kuwasafisha wachawi. Mwingereza Audrey Richards aliyeiona mwaka 1934 huko Ubemba, jirani na Ufipa, aliwaeleza wasafishaji hao kuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu, wenye dawa katika chupa, ambao chombo chao cha kumtambulia mchawi kilikuwa kioo kidogo cha mkononi. Wanakijiji walipangwa mstari wakapita nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo. Kioo cha kujitazamia uso kimefanywa darubini. Chupa ya dukani imefanywa maabara. Hakuna aliyecheka wakati huo, lakini mtunzi wa sinema za kuchekesha asingepata shida yoyote kuitumia picha hiyo kama ilivyo.

Harakati hiyo ilirudi Ufipa kwa jina la Kamchape mwaka 1963 na 1964, ikiongozwa tena na vijana, na Roy Willis, Mwingereza aliyekuwa akichunguza maisha ya Wafipa wakati huo, aliiandikia makala iliyochapishwa mwaka 1968. Miaka hiyo miwili inastahili kutazamwa kwa upana zaidi ya Ufipa, maana ndiyo miaka ambayo roketi yenyewe ilibisha hodi katika nchi hizi.

Kisiwani Unguja, kwa mapatano ya Uingereza na Marekani ya Oktoba 1960, Wamarekani walikuwa wamejenga huko Tunguu kituo cha redio cha kufuatia vyombo vya mpango wao wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyosikiliza sauti yake. Hapakuwa na roketi hata moja pale. Hata hivyo madai kwamba kisiwa kimefanywa ngome ya roketi yaliingia katika siasa za wakati ule na kusadikiwa na wengi. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, kikafungwa mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Waliosadiki hawastahili kuchekwa. Katika miaka ile roketi ya kwenda mwezini na roketi ya kuunguza mji zilitoka katika kiwanda kimoja, na Marekani yenyewe haikuficha hivyo.

Miezi michache baadaye, ng'ambo ya pili ya Mto Kalambo unaoitenga Ufipa na Zambia, lilizuka jambo ambalo hadi leo haijakatwa shauri kama lilikuwa sayansi au mzaha. Edward Makuka Nkoloso, aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa askari wa Vita vya Pili vya Dunia, mwalimu wa shule, na mpigania uhuru aliyepata kufungwa na kupigwa. Aliunda chama alichokiita chuo cha taifa cha sayansi, utafiti wa anga na falsafa, akatangaza kwamba Zambia itawatangulia Wamarekani na Warusi mwezini. Wanafunzi wake walifanya mazoezi nje ya Lusaka. Walijifungia katika pipa la mafuta wakabingirishwa kutoka mlimani, ili wazoee misukosuko ya safari. Walibembea kwa kamba ambayo ilikatwa walipofika juu, ili waonje kuelea. Walifundishwa kutembea kwa mikono. Roketi iliitwa D-Kalu, kwa heshima ya Kaunda. Msafiri mkuu aliyechaguliwa alikuwa msichana wa miaka 17, Matha Mwamba, aliyefuatana na paka wawili. Nkoloso aliomba UNESCO pauni milioni saba, hakupata. Alitaka kurusha chombo chake siku ya uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964, hakuruhusiwa.

Waandishi wa Uingereza na Marekani walikwenda wakapiga picha za sinema, wakarudi kwao wakicheka. Waliyoyaona ni pipa. Hawakusikiliza vizuri maneno. Nkoloso aliandika gazetini kwamba kwa darubini zao wamethibitisha kuwa sayari ya Mars ina wenyeji washenzi, na kwamba mmisionari atakayefuatana na msafara ameonywa asiwalazimishe wenyeji hao kuupokea Ukristo wasipoutaka. Mtu aliyeishi chini ya wakoloni kwa miaka arubaini na mitano, aliyefundishwa katika shule za misheni, haandiki hivyo kwa bahati. Mwandishi Mzambia Namwali Serpell, aliyezifuatilia habari hizo katika makala ya mwaka 2017, alionyesha jinsi mambo hayo yalivyofungamana na siasa za uhuru na jinsi ilivyo vigumu kukana kwamba mzee huyo alikuwa akiwadhihaki waliokuja kumdhihaki. Nuotama Bodomo alikuwa amekwisha kumtengenezea sinema fupi, Afronauts, mwaka 2014. Nkoloso alifariki mwaka 1989 akazikwa kwa heshima za kitaifa. Mzaha wake, kama ulikuwa mzaha, uliwekewa uso mkavu kiasi kwamba hakuna aliyempata akicheka.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwigo wa dhihaka huishi kwa sharti moja: anayeutazama awe anakijua kinachoigwa, na ajue kwamba kinaigwa. Sharti hilo likivunjika, mzaha hugeuka kuwa habari. Serikali za kikoloni zilidai kwamba Waafrika ndio wasioweza kulitimiza. Maafisa wa sinema waliipenda hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa kwa kamera, wakashukuru na kusema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika nchi nyingi za Afrika, mahali pengine kwa mbu, pengine kwa mdudu mwingine, na msimulizi kila mara akaiweka kwa wanakijiji wa pale alipo. Hadithi inayotokea kila mahali kwa maneno yale yale ni kichekesho, si ripoti. Na waliokiamini kichekesho hicho, wakatungia kanuni za kukagua sinema, walikuwa maafisa wenyewe. Tena hata kama iliwahi kutokea, nani ajuaye kwamba mzee aliyeisema hakuwa akiwatania?

Sinema moja ya Marekani iliufanya mkasa huu kuwa kisa chake chote. Katika Galaxy Quest ya mwaka 1999, viumbe wa sayari ya mbali wamepokea michezo ya televisheni kutoka duniani na kuiamini kuwa kumbukumbu za historia. Wanajenga chombo cha angani kwa kufuata maboksi na taa za studio, nacho kinaruka. Waigizaji waliozeeka wanachukuliwa kwenda kuwaokoa. Wanaoiga hawajui kitu, waliowaamini wameshakijenga chombo. Watazamaji wameipenda sinema hiyo kwa sababu wanacheka bila kumchukia yeyote, lakini ndani yake kuna tukio moja lisilochekesha: pale mwigizaji anapolazimika kumweleza kiongozi wa viumbe hao, aliyekwisha kuteswa, kwamba mambo yote yalikuwa ya kubuni, naye hana neno katika lugha yake la kitu hicho isipokuwa uongo.

Sumbawanga imekuwa na tukio la namna hiyo, na halikuwa katika sinema. Magazeti ya udaku ya Tanzania yamechapisha zaidi ya mara moja habari za mtu aliyeanguka kutoka angani na ungo wake, zikiwekwa ukurasa mmoja na habari za ajali na bei za mazao. Kichekesho kimepata tarehe na jina la kitongoji. Kwa msomaji wa mjini bado ni kichekesho. Lakini katika mikoa ya magharibi ya nchi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu, ambayo mwanamke aliyepika kwa kuni maisha yake yote huyapata kwa moshi wa jikoni. Mauaji na ukataji viungo vya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007, yaliufikia pia Mkoa wa Rukwa, ambako watu walishambuliwa mwaka 2013. Na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 na kurithiwa na Tanzania huru, humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo na anayeshika vyombo vyake, bila kujishughulisha kamwe na swali la kama ungo huruka au hauruki. Si haki kusema kwamba mzaha wa ungo umemwua mtu. Ni haki kusema kwamba umewapa wauaji nchi iliyozoea kusikia.

Tanzania ina desturi ya zamani inayojua hatari hii, nayo ni utani wa makabila. Mtani anaweza kumwambia mtani wake maneno ambayo kwa mtu mwingine ni kesi, hata msibani. Lakini utani una mipaka: unajulikana nani ni mtani wa nani, kila upande una zamu yake ya kujibu, na mtani ndiye pia anayechimba kaburi. Mzaha wa Sumbawanga ulipovuka mipaka ya utani ukawa wa taifa zima, ulipoteza zamu ya kujibu. Mfipa anayeingia ofisini Dar es Salaam na kuulizwa ameegesha wapi ungo wake hana mtani mbele yake, ana umati. Wengine hujibu vizuri sana, kwa kusema kwamba nauli imepanda au kwamba siku hizi wanatua Tunduma, na hapo mzaha hupona kwa muda, maana aliyechekwa ameshika usukani.

Wapo pia waliokuwa wakiitunza zamu hiyo kwa kazi. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na kabla na baada ya hapo watu wengi wa miji ya bara waliziona sinema za kigeni katika vibanda vya video, mkanda mmoja kwa watu hamsini. Katika vibanda hivyo ilikua sanaa ya mfasiri, mtu anayesema Kiswahili juu ya sauti ya sinema. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa nchi nzima kwa kazi hiyo, kwanza kwa kanda na baadaye kwa santuri za picha. Wafasiri hao hawakutafsiri tu. Walimwonya shujaa, walimzomea mwoga, waliwapa Wamarekani majina na tabia za mtaani, na mtambo wa mauaji kutoka karne ijayo ukajikuta ukiambiwa maneno ya kondakta wa basi. Sinema iliyotengenezwa kwa uzito mkubwa huko Marekani ilifika kibandani ikiwa na mwigo wake wa dhihaka juu yake tayari, vyote kwa nauli moja. Na sauti ya mfasiri ilifanya kazi ambayo wakaguzi wa kikoloni hawakuiwaza: dakika kwa dakika ilimkumbusha mtazamaji kwamba anatazama sinema.

Uganda, sanaa hiyo hiyo ilizaa sinema zake. Isaac Nabwana alianza mwaka 2005 kutengeneza sinema za mapigano na vichekesho huko Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala. Bunduki kubwa zilifuliwa kwa vyuma chakavu, na helikopta zinazoshambulia jiji zilichorwa katika kompyuta iliyounganishwa kwa vipande. Who Killed Captain Alex?, iliyokamilika mwaka 2010, iligharimu, kwa maelezo yanayotajwa mara nyingi, chini ya dola 200 za Marekani. Tangazo lake lilipotiwa katika intaneti lilitazamwa na watu wa nchi nyingi. Mfasiri, VJ Emmie, anasema juu yake mwanzo hadi mwisho, akiwasifu wapiganaji na kuwacheka, akimkumbusha mtazamaji jinsi mambo yalivyo makali. Nabwana hakuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi zake. Ilimlazimu kuifuta sinema moja katika kompyuta ili atengeneze nyingine. Nakala safi ya Captain Alex, ile isiyo na sauti ya mfasiri, ilipotea kwa namna hiyo. Iliyosalia, na ambayo imetazamwa duniani, ni ile yenye mzaha wake ndani.